Mitambo ya Chapa Wakati wa Hali ya Hatari: Magazeti ya Waafrika nchini Kenya, 1945–1960

Katika masimulizi mengi ya vita vya Mau Mau, kunyamazishwa kwa magazeti ya Waafrika huelezwa kama tokeo mojawapo la tangazo la Hali ya Hatari, ambalo Gavana Evelyn Baring alilitia saini tarehe 20 Oktoba 1952 na ambalo liliipa serikali ya kikoloni ya Kenya uwezo wa kutunga kanuni bila kulisubiri Baraza la Kutunga Sheria, kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na kufunga chombo chochote kilichodhaniwa kuhatarisha usalama. Masimulizi hayo yana ukweli, lakini yanapindua mfuatano wa mambo. Sheria iliyowapa watawala mkono juu ya magazeti hayo ilikuwa imekwisha kupitishwa kabla ya tangazo, na nyuma yake kulikuwa na uzoefu wa miaka thelathini uliowafunza jambo moja: mwandishi akifungwa hupata mrithi, lakini akinyimwa mahali pa kupigia chapa hubaki na karatasi yake mkononi. Kwa hiyo historia ya uhuru wa habari nchini Kenya katika vita hivyo haina budi kuzitazama matbaa, yaani nyumba za kupigia chapa, kwa makini yaleyale wanayotazamwa nayo wahariri.

Uzoefu huo ulianza mwaka 1922. Harry Thuku, mpokea simu wa serikali mjini Nairobi aliyeongoza harakati za kupinga kodi, kupunguzwa kwa ujira na kipande, yaani kitambulisho chenye alama za vidole ambacho mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kutembea nacho, hakuwa na mtambo wake mwenyewe. Maandishi yake yalipigwa chapa katika matbaa ya East African Chronicle, gazeti la Manilal Ambalal Desai, Mhindi aliyeona kwamba madai ya Wahindi na ya Waafrika yalikuwa na adui mmoja. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, ingawa wengi waliamini kwamba walizidi hapo. Thuku alihamishiwa Kismayu bila hukumu ya mahakama yoyote, na gazeti la Desai nalo likafa. Waafrika wa Nairobi walibaki bila mahali pa kuchapisha hoja zao hadi mwaka 1928, wakati Kikuyu Central Association, chama cha kisiasa cha Wagikuyu kilichojulikana kwa herufi KCA, kilipoanzisha Muigwithania, gazeti la Kigikuyu lililohaririwa na kijana aliyeitwa wakati huo Johnstone Kenyatta.

Muigwithania lilidumu kwa vipindi hadi Vita Kuu ya Pili, na namna lilivyokoma ni mfano wa kwanza wa vita kutumiwa kama sababu. Mwezi Mei 1940, Waitalia wakiwa Ethiopia na Somalia na hofu ikiwa imetanda katika mpaka wa kaskazini, serikali ilikipiga marufuku KCA pamoja na vyama vya Wakamba na Wataita, ikawaweka viongozi wao kizuizini kwa tuhuma za kuwasiliana na adui, na sauti ya gazeti ikazimwa pamoja na chama kilichokuwa nyuma yake. Ikumbukwe kwamba vyama hivyo vitatu vilikuwa vimeisumbua serikali kwa miaka mingi juu ya ardhi na mifugo, mambo ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na Roma.

Vita hivyo vilipokwisha mwaka 1945, hali ilikuwa imebadilika kiasi ambacho marufuku ya zamani haikuweza kuizuia. Askari wa Kiafrika walirudi kutoka Ethiopia na Burma wakiwa wamezoea kusoma magazeti ya jeshi na kujadili habari za dunia. Shule huru za Wagikuyu, ambazo wazazi walizijenga nje ya mamlaka ya misheni, zilikuwa zimelea kizazi cha wasomaji wa lugha ya nyumbani. Na katika mitaa ya Nairobi kulikuwa na wapiga chapa wa Kihindi waliokuwa tayari kupokea kazi ya Mwafrika. Baadhi yao walifanya hivyo kwa ajili ya biashara tu. Wengine walifanya hivyo kwa imani, na miongoni mwao Girdhari Lal Vidyarthi anastahili kutajwa mbele ya wote, kwa sababu gazeti lake la Colonial Times, lililoanzishwa mwaka 1933, lilishambulia ubaguzi wa rangi bila kumung'unya maneno, na alitoa pia gazeti la Kiswahili la Habari za Dunia. Katika miaka ya 1940 alishtakiwa zaidi ya mara moja kwa kosa la uchochezi, ambalo katika sheria ya kikoloni lilimaanisha maneno yoyote yenye nia ya kuamsha chuki au dharau dhidi ya serikali, na akafungwa jela. Mwaka 1947 kundi la vijana wa Kihindi wa mrengo wa kushoto, akiwamo mwanachama maarufu wa harakati za wafanyakazi Makhan Singh, lilianzisha Daily Chronicle, ambalo lilikwenda mbali zaidi.

Katika mazingira hayo ndimo Henry Muoria alimozaliwa kama mwanahabari. Alikuwa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa Kabete wa mwaka 1914, aliyejifunza uandishi wa habari kwa masomo ya posta. Mwaka 1945 alitoa kijitabu cha Kigikuyu kilichouliza watu wake wafanye nini, akaacha kazi ya reli yenye mshahara wa uhakika, na akaanzisha Mumenyereri, jina lenye maana ya mlinzi wa mambo mema. Lilianza kama gazeti la mwezi, likawa la wiki, na kufikia mwaka 1952 lilikuwa likitoka mara mbili kwa wiki kwa takriban nakala 10,000, idadi ambayo haionyeshi hata nusu ya nguvu yake, kwa kuwa nakala moja ilisomwa kwa sauti dukani, chini ya mti au ndani ya basi, na wasiojua kusoma waliifahamu kama wanaojua. Muoria aliandika, akahariri, akatafuta matangazo ya biashara na akasambaza; wake zake walishiriki kazi hiyo; na baada ya miaka kadhaa ya kuwategemea wapiga chapa wa mjini alinunua mtambo wake mwenyewe. Tendo hilo la mwisho, ambalo wanahistoria hulipitia haraka, ndilo lililokuwa la kisiasa kuliko makala yoyote aliyoandika, kwa kuwa lilimwondoa mtu wa kati ambaye serikali ilikuwa imezoea kumtisha.

Anayesoma maandishi ya Muoria ya miaka hiyo hakuti mtu wa kuchochea umwagaji damu. Aliwahimiza Wagikuyu wasomeshe watoto, wafungue biashara, wafanye kazi kwa bidii, wamsikilize Kenyatta aliyerudi kutoka Uingereza mwaka 1946 baada ya miaka mingi ugenini, na waijadili ardhi iliyochukuliwa na walowezi kama suala la haki. Hata hivyo, gazeti lililozungumza kwa utulivu juu ya ardhi lilikuwa hatari kwa utawala kuliko kijikaratasi cha matusi, na matukio ya mitaani yaliongeza uzito wa kila neno: mwezi Septemba 1947 polisi waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma katika kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands na kuua watatu, na habari kama hizo zilipowafikia wasomaji kwa lugha yao hazikuhitaji maelezo ya mhariri.

Mumenyereri halikuwa peke yake. Gakaara wa Wanjau, askari mstaafu aliyewahi kufukuzwa shule ya Alliance, alitoa vitabu na jarida la Kigikuyu, na mwaka 1948 alichapisha kijitabu cha Kiswahili kilichoitwa Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Bildad Kaggia alihariri Inooro ria Gikuyu. Ramogi lilizungumza na Wajaluo, na Achieng Oneko alikuwa miongoni mwa waliolihudumia. Paul Ngei aliwaandikia Wakamba. Kenya African Union, chama kikuu cha Waafrika, kilikuwa na Sauti ya Mwafrika kwa Kiswahili, ambalo Fred Kubai alilihariri. Kwa upande wa pili lilisimama Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa mwaka 1939 na kampuni ya East African Standard, gazeti la Wazungu. Baraza lilikuwa na waandishi Waafrika hodari, kuanzia mhariri wake wa kwanza Francis Khamisi, lakini mwenye mtambo hakuwa Mwafrika, na jambo hilo lilionekana wazi vita vilipoanza.

Serikali iliyaona magazeti haya kama tatizo la usalama mapema sana, na mbinu yake ilielekezwa zaidi na zaidi kwenye mashine. Mwaka 1950 Kanuni ya Adhabu, yaani sheria kuu ya makosa ya jinai, ilirekebishwa ili mtambo uliotumika kuchapa maandishi ya uchochezi uweze kutwaliwa. Lengo la kifungu hicho si gumu kulifahamu: mpiga chapa aliyekuwa na mashine ya thamani kubwa angefikiri mara mbili kabla ya kupokea kazi ya mhariri maskini, na hivyo udhibiti ungefanyika dukani kwake kabla ya neno moja kufika mitaani, bila afisa yeyote kuhusika. Kisha, mwezi Septemba 1952, Baraza la Kutunga Sheria liliitwa kwa kikao maalumu na kupitisha sheria kadhaa kwa haraka, zikiwamo za kudhibiti vyama, kuzuia usafiri wa usiku na kuweka mitambo ya chapa chini ya mfumo wa leseni ambayo afisa wa serikali angeweza kuikataa. Wakati huo Baring alikuwa bado hajafika nchini. Alipotia saini tangazo lake mwezi uliofuata, alikuta silaha hiyo imekwisha kunolewa.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba, katika operesheni iliyopewa jina la Jock Scott, polisi walikamata viongozi wengi wa kisiasa, Gakaara akiwamo. Muoria alikuwa London, na kwa kuwa kurudi kulimaanisha kizuizi, alibaki huko, akafanya kazi katika reli ya chini ya ardhi ya mji huo, na akafariki ugenini mwaka 1997. Mumenyereri na magazeti mengine ya Kigikuyu yaliyomilikiwa na Waafrika yalipigwa marufuku. Miongoni mwa washtakiwa sita wa Kapenguria, walioshtakiwa kwa kuiongoza Mau Mau, watano walikuwa wamewahi kushika kalamu ya uhariri: Kenyatta, Kaggia, Oneko, Ngei na Kubai. Wa sita alikuwa Kungu Karumba. Ukweli huo hautajwi mara kwa mara, nao unatosha kuonyesha kwamba serikali haikutenganisha katika fikra zake kiongozi wa maasi na mhariri wa gazeti.

Kesi yenyewe iliendeshwa mbali na macho. Kapenguria ilikuwa kituo kidogo cha utawala kaskazini-magharibi mwa nchi, ndani ya eneo ambalo watu hawakuweza kuingia bila kibali, pasipo hoteli wala huduma za mawasiliano ambazo wakili au mwandishi wa habari angezihitaji. Waliotaka kuifuatilia walilala Kitale na kusafiri kila siku. Hakimu Ransley Thacker, aliyetoa hukumu ya hatia tarehe 8 Aprili 1953, alilipwa na serikali pauni 20,000 ambazo hazikutangazwa. Wakili mkuu wa utetezi, Denis Pritt, alishtakiwa kwa kuidharau mahakama kwa sababu ya simu ya maandishi aliyowapelekea wabunge wa Uingereza kulalamikia mwenendo wa kesi. Hakutiwa hatiani, lakini onyo lilikuwa limetolewa kwa kila aliyetaka kuandika.

Athari ya ukimya huo inaonekana waziwazi katika habari za mauaji ya eneo la Lari. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walishambulia makazi ya watu waliohesabiwa kuwa waaminifu kwa serikali, wakaua kwa mapanga na moto watu wengi, wengi wao wanawake na watoto. Ulikuwa uovu usio na utetezi, na serikali ilihakikisha kwamba picha zake zinafika kila mahali. Lakini usiku huohuo na siku zilizofuata, askari na walinzi wa upande wa serikali, walioitwa homugadi, waliwaua kwa kulipiza kisasi watu wengi wengine, na mauaji hayo yalibaki pembeni mwa kumbukumbu za umma kwa nusu karne. Kama kungekuwa na gazeti moja la Kigikuyu lenye mwandishi Lari asubuhi ile, nusu hiyo ya pili ya habari isingeweza kuzikwa kirahisi. Magazeti ya walowezi, kwa mfano Kenya Weekly News la Nakuru, hayakuwa na haja wala hamu ya kuitafuta.

Haipasi kudai kwamba magazeti ya Kigikuyu hayakuwa na uhusiano wowote na maasi. Taarifa rasmi ya F. D. Corfield, iliyotolewa mwaka 1960 kueleza chanzo cha Mau Mau, iliyalaumu vikali, na ilieleza kwamba matangazo ya mikutano na karamu za chai yalitumika kuwaita watu kwenye viapo vya kujiunga na Mau Mau. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya matangazo yalikuwa na maana ya pili. Katika nchi ambamo mkutano wa wazi ulihitaji kibali, watu walijifunza kusema kwa mafumbo. Pia nyimbo za kisiasa zilizotungwa kwa mahadhi ya tenzi za kanisani zilichapwa katika vijitabu na kuuzwa kabla ya kupigwa marufuku. Udhaifu wa hoja ya Corfield ni kwamba inayatazama magazeti kama chanzo cha hasira, ilhali ardhi, kipande na ujira vilikuwapo kabla ya Mumenyereri na vilibaki baada yake. Wapiganaji waliendelea msituni kwa miaka minne baada ya gazeti la mwisho la aina hiyo kufungwa, na miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya damu zaidi.

Lakini habari haikukoma kwa kuondolewa kwa magazeti. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji, aliandika msituni barua nyingi, nyingine zikielekezwa kwa maofisa wa serikali na kwa magazeti, na alisisitiza kuwekwa kwa kumbukumbu za maandishi, akisaidiwa na watu kama Karari Njama aliyekuwa mwalimu. Kizuizini, ambako mwishoni mwa mwaka 1954 walikuwamo zaidi ya watu 70,000 kwa wakati mmoja, wafungwa waliunda gazeti lisilo na karatasi. J. M. Kariuki, mmoja wa wafungwa hao, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1963, ameeleza jinsi habari zilizothibitika, zilizookotwa kutoka kwa askari au katika magazeti yaliyotupwa na maofisa, zilivyotangazwa kwa mdomo kwa jina la Manyani Times, kutokana na kambi ya Manyani, na tetesi zisizo na uhakika kwa jina la Waya Times, ili msikilizaji ajue ni kipi cha kuamini. Utofautishaji huo kati ya habari na uvumi ndio msingi wa uandishi wa habari popote, na ulihifadhiwa nyuma ya seng'enge na watu walioambiwa kwamba hawawezi kuaminiwa na habari. Gakaara naye aliweka shajara kwa siri katika kambi alizopitishwa, kuanzia Kajiado na kisiwa cha Manda hadi Hola. Ilichapishwa kwa Kigikuyu mwaka 1983 na kupata tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Pio Gama Pinto, mwanahabari mwenye asili ya Goa aliyekuwa akifanya kazi katika Daily Chronicle, alikamatwa mwezi Juni 1954 na kupelekwa Manda pia, kwani serikali ilielewa kwamba mwenzi wa Kihindi wa mhariri Mwafrika ndiye aliyekuwa na ufunguo wa matbaa.

Yaliyoshindikana kuchapwa Nairobi yalichapwa London, kwa kalamu za watu ambao sheria ya Hali ya Hatari haikuweza kuwafikia. Eileen Fletcher, aliyefanya kazi katika magereza na kambi za Kenya, alichapisha mwaka 1956 katika Peace News habari za wasichana wadogo waliofungwa kifungo cha maisha Kamiti. Mbunge Barbara Castle aliandika na kuhoji bungeni. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa huko Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Uongo huo uliporomoka kwa sababu uchunguzi wa vifo ulifanyika hadharani na magazeti ya Uingereza yaliuandika, na mjadala wa Bunge la Uingereza wa usiku wa tarehe 27 Julai 1959 uliharakisha kufungwa kwa kambi. Hapo pana dhuluma ambayo haipaswi kufunikwa na furaha ya matokeo: mashahidi walikuwa Waafrika kwa maelfu, walikuwa wamekwisha kuandika malalamiko na kuyatorosha nje ya kambi kwa kuhatarisha maisha, na ushahidi wao haukuhesabiwa hadi ulipotamkwa na kinywa kingine.

Hali ya Hatari ilikoma rasmi mwezi Januari 1960, lakini mfumo wa udhibiti ulihamia katika sheria za kawaida. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya vitabu na magazeti iliyomtaka kila mchapishaji aandikishe chapisho lake na kuweka dhamana, yaani fedha au ahadi ya fedha itakayotumika kulipa faini iwapo atashtakiwa. Serikali ya Kenya huru ilirithi sheria hiyo pamoja na kosa la uchochezi, na miongoni mwa waliopatwa na mkono wake ni watu walewale waliopatwa na mkono wa zamani: Gakaara wa Wanjau alikamatwa tena mwaka 1986, serikali ilipokuwa ikiwasaka watuhumiwa wa harakati ya siri ya Mwakenya. Marufuku ya Mau Mau yenyewe iliondolewa mwaka 2003 tu, na majalada mengi ambayo Waingereza waliyaondoa nchini kabla ya uhuru na kuyaficha yalikubaliwa kuwapo mwaka 2011, wakati wazee waliowahi kuteswa kambini walipokuwa wakiidai serikali ya Uingereza mahakamani. Kosa la uchochezi lilifutwa katika Kanuni ya Adhabu mwaka 1997. Dhamana ya wachapishaji haikufutwa wakati huo. Mwaka 2002 ilipandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi 1,000,000, na muuzaji wa mitaani akaingizwa miongoni mwa wanaoweza kuadhibiwa kwa kuuza gazeti ambalo dhamana yake haikulipwa.